Maandalizi Yangu Kabla ya Kufungwa Waya za Meno

Niliposema nataka kufungwa waya za meno, karibu kila aliyenishauri alinikatisha tamaa kwa maneno yasiyo ya kweli. Nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako vyanzo vingi vya maji vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kama wengi tulioyanywa maji hayo utotoni, meno yangu yana madoa ya kahawia. Niliambiwa kwamba meno ya namna hiyo hayashiki gundi ya kubandikia waya, na kwamba ukishavuka miaka 30 meno hayasogei tena. Yaliniudhi sana, kwa kuwa waliosema hawakuwa wamemuuliza daktari yeyote.

Daktari bingwa wa kupanga meno alinieleza kwamba kinachoangaliwa ni uzima wa fizi na mfupa wa taya, wala si umri peke yake. Kuhusu madoa, alisema tabaka la nje la jino lililoathiriwa na floridi hukwanguliwa kwa shida na asidi inayopakwa kabla ya gundi, hivyo huhitaji kusuguliwa kidogo au kuachiwa asidi kwa muda mrefu zaidi ili gundi ishike. Alisisitiza pia kwamba waya hunyoosha meno tu, madoa hubaki palepale, na nilishukuru kulijua hilo kabla sijatoa fedha.

Ugaga ulitolewa, jino lililotoboka likazibwa, picha za eksirei zikapigwa. Kazi kubwa ilikuwa kuchukua alama ya meno. Chombo chenye umbo la taya kilijazwa rojo la waridi, zito kama uji wa mgonjwa, kikakandamizwa kwenye taya la juu, na rojo lilipotambaa kuelekea kooni nilipatwa na kichefuchefu kikali hata ikabidi chombo kitolewe kabla rojo halijaganda. Muuguzi mmoja mtu mzima akaja na chumvi kidogo kwenye karatasi. “Mwanangu, iweke kwenye ncha ya ulimi,” alisema, “kisha inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua, na unyanyue mguu mmoja usiushushe mpaka nikwambie.” Nilinyanyua mguu, nikauhangaikia huo mguu kwa nguvu zangu zote, na koo likatulia hadi rojo likaganda, alama ilitoka safi, kila jino limeonekana mpaka kwenye ufizi. Mwenye koo jepesi asione haya kuomba chumvi.

Siku chache kabla ya waya huwekwa vipira vidogo kati ya magego, ili kutengeneza nafasi ya pete za chuma zinazovishwa magego hayo. Hakuna aliyenionya kwamba vipira hivyo huuma, nami nawaonya: nunueni dawa ya maumivu mapema, na muache kashata na bigijii, kwa sababu vinanata na kuving'oa.

Gharama ni ya mamilioni, ingawa nilikubaliwa kulipa fungu kubwa mwanzoni na kiasi kidogo kila ninapokwenda kukazwa. Ulizeni kabla ya kutia saini kama bei hiyo inajumuisha kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa, kwa maana bila hicho meno hurudi yalikotoka, na mahali pengine hulipiwa kando.