Swali Lililotangulia Upasuaji

Wakati tulipoanza kuwapa wanafunzi wetu wa tiba ya macho mkufunzi wa akili mnemba, nilikuwa nafundisha Mbarara, magharibi mwa Uganda, na mara kwa mara tulikuwa tukiwapeleka vijijini kwenye kambi za upasuaji wa mtoto wa jicho. ChatGPT ilikuwa imefunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, na haukupita muda mrefu kabla hatujagundua kwamba wanafunzi walikuwa wakiitumia kimyakimya kuandikia kazi zao. Baadhi ya walimu walitaka ipigwe marufuku. Mwenzetu mmoja mwenye ujuzi wa kompyuta alishauri njia nyingine, akatutengenezea mkufunzi juu ya programu ya aina hiyo na kumwekea masharti: asitoe jibu kabla mwanafunzi hajasema lake, aulize swali moja kwa wakati mmoja, na ajibu kwa lugha aliyoanza nayo mwanafunzi, iwe Kiingereza au Kiswahili. Wanafunzi nao walikatazwa kabisa kumpa jina la mgonjwa au picha yoyote.

Niliunga mkono jambo hilo tangu mwanzo, na sababu yangu ilikuwa rahisi. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 45.9 nchini Uganda, ilhali madaktari bingwa wa macho ni makumi tu, na wengi wao wanakaa Kampala. Kazi kubwa ya vijijini inafanywa na maafisa tabibu wa macho, na hao wanahitaji kufundishwa na mtu mwenye nafasi ya kuwasikiliza wakikosea, jambo ambalo mwalimu aliyetoka kliniki akiwa amechoka hana nguvu ya kulifanya kila jioni.

Katika kundi lile kulikuwa na binti mmoja kutoka mashariki mwa Kongo. Alisoma kwa Kifaransa hadi sekondari, akajifunza Kiingereza akiwa mtu mzima, na darasani alikuwa haongei. Nilipokuwa nikisoma mazungumzo ya wanafunzi na mkufunzi, jambo ambalo wote walijua tunalifanya, nilishangaa kuona kwamba yeye ndiye aliyeandika kuliko wote, kwa Kiswahili kirefu na kilichonyooka. Aliuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza mimi. Usiku mmoja alitaka kujua kwa nini ukimulika jicho moja mboni za macho yote mawili zinasinyaa. Badala ya kumweleza, mkufunzi alimtaka afuate njia ya mwanga mwenyewe, kutoka retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi kwenye neva ya macho, kisha kwenye ubongo ambako taarifa inagawanywa na kurudishwa pande zote mbili. Alikwama mara kadhaa njiani, lakini alifika.

Kambi ninayoikumbuka ilikuwa katika kituo cha afya kimoja wilayani Isingiro. Wagonjwa walianza kuchunguzwa asubuhi chini ya turubai, ili wenye mtoto wa jicho aliyekomaa walale hapo na kupasuliwa kesho yake. Watu walikuwa wengi kupita matarajio, na ili foleni iende, muuguzi alikuwa akipita kwenye mabenchi akiwatia wote dawa ya kupanua mboni kabla hawajafika kwa mchunguzaji. Kwa kuangalia lenzi, hilo linasaidia. Kwa kuangalia namna mboni zinavyoitikia mwanga, linaharibu kabisa, kwa sababu mboni iliyopanuliwa kwa dawa haisinyai tena hadi saa kadhaa zipite. Fomu ya kambi haikuwa hata na mstari wa kuandika kipimo hicho.

Mmoja wa waliopangiwa upasuaji alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, mwenye Kiswahili cha kambini. Jicho lake la kulia lilikuwa jeupe kabisa, na alichobakiwa nacho upande huo ni kutambua mwanga tu. La kushoto lilikuwa limeanza kupata ukungu, lakini bado lilimfikisha alikotaka. Alifurahi kumpata binti wa kuongea naye bila mkalimani, naye binti, kwa kuelekezwa na wenzake, akawa anamwita afande.

Jioni, baada ya chakula, wanafunzi walikaa barazani na simu zao, kila mmoja akimweleza mkufunzi mgonjwa mmoja wa siku hiyo bila kumtaja jina. Binti alimchagua mzee wake. Mkufunzi alimuuliza anatarajia mgonjwa ataona kiasi gani baada ya upasuaji. Alijibu 6/18 au bora zaidi, yaani kuona kwa mita sita kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita kumi na nane, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekiweka kuwa matokeo mazuri. Ndipo likaja swali ambalo alinionyesha baadaye kwenye kioo cha simu, nami nalikumbuka vizuri: "Umejuaje kwamba kilicho nyuma ya mtoto wa jicho ni kizima, na huwezi kukiona?" Akaandika kwamba mgonjwa anatambua mwanga. Mkufunzi akakubali kwamba hilo ni jambo la maana, kisha akamuuliza ni nini kingine angeweza kukiangalia akiwa na tochi peke yake, na kama kilikuwa kimeangaliwa kabla ya matone.

Alisimama akaja moja kwa moja kwangu. "Mwalimu, hakuna aliyemwangalia mboni," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa, wala si ya kuomba ruhusa.

Ilikuwa imepita saa mbili usiku, na matone yalikuwa yametiwa kabla ya adhuhuri. Tulimkuta mzee ameketi kwenye godoro lake. Binti akamwomba radhi kwa kumsumbua, akamtaka atazame mbali, ukutani, asiitazame tochi, kisha akaomba taa ya chumba izimwe. Kwanza alihakikisha kwamba mboni zote mbili zilikuwa zimerudi kuwa sawa na zinafanya kazi. Akamulika jicho la kushoto: zote mbili zikasinyaa. Akahesabu kimoyomoyo, akahamisha tochi upesi kwenda la kulia. Mboni ya kulia, ikiwa na mwanga mkali mbele yake, ikapanuka. Alirudisha kushoto, ikasinyaa. Akapeleka kulia, ikapanuka tena. Alirudia taratibu, bila kunitazama, kisha akanipa tochi. Nikapata kile kile.

Kipimo hicho kilielezwa na Paul Levatin mwaka 1959, na hakihitaji umeme wala mashine ya bei kubwa. Mtoto wa jicho, hata awe mweupe namna gani, huutawanya mwanga lakini haufungii njia, kwa hiyo peke yake hawezi kuifanya mboni ya upande wake ipanuke inapomulikwa. Ikipanuka hivyo, tatizo liko ndani zaidi, kwenye neva ya macho au kwenye retina iliyoharibika sehemu kubwa. Tulimpima shinikizo la macho. Kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. La jicho lake la kulia lilikuwa juu sana. Mzee alikuwa na glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya macho, mara nyingi kwa shinikizo kubwa, nyuma ya mtoto wa jicho.

Daktari wa upasuaji tulimwamsha. Hakuhitaji kushawishiwa, kwa maana kufungua jicho lenye shinikizo la namna ile kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani na jicho kupotea palepale mezani. Alimtoa kwenye orodha, akaanza kumpa dawa za kushusha shinikizo usiku uleule na kumwandikia barua ya rufaa kwenda Mbarara.

Asubuhi kazi ya kumweleza mzee niliiacha kwa binti. Alichuchumaa mbele yake na kumwambia bila kuzungukazunguka kwamba jicho la kulia huenda lisirudi kuona hata likipasuliwa, na kwamba la kushoto ndilo lililokuwa likihitaji kulindwa kuanzia siku hiyo. Mzee alinyamaza kidogo. Alikuwa amewasikia wanafunzi usiku wakizungumza habari za simu zao, akauliza, "Hiyo mashine yenu ndiyo imesema hivyo?"

"Hapana, afande. Mashine haijakuona. Mimi ndiye nimekuona, na mwalimu amekuona."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akauliza barua iko wapi.

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba mkufunzi wa namna hii atazaa watabibu wavivu, na nina hakika hilo hutokea akiachwa atoe majibu kama anavyoombwa. Siku ile hakutoa jibu lolote. Hakujua mzee ana nini, na hakuwa na njia ya kujua. Aliuliza swali ambalo mwalimu mzuri angeliuliza, kwa lugha ambayo mwanafunzi hakuionea haya, saa ambayo walimu tulikuwa tumeshavua viatu. Tochi ilishikwa na mkono wa mtu, na mkono huo ulikuwa umezoezwa darasani kwa wiki nyingi, wanafunzi wakimulikana wao kwa wao. Bila mazoezi hayo swali lingebaki kwenye simu.

Kabla ya kundi la mchana kuingia, fomu za kambi ziliongezwa mstari kwa kalamu, na muuguzi akaambiwa asitie matone kabla mstari huo haujajazwa. Foleni ilienda polepole na watu walilalamika.

Mtoto wa mzee alifika na bodaboda kumchukua. Binti alimsalimia, akamweleza kwamba glakoma hutembea katika familia, na kwamba watoto na ndugu wa baba yake wote wanapaswa kupimwa. Kijana akasema atakuja siku nyingine, kwa kuwa dereva alikuwa akimsubiri nje. Binti akamsogezea kiti. Shinikizo lake lilikuwa la kawaida katika macho yote mawili. Akaandikiwa kurudi kila mwaka, na akaondoka na majina ya ndugu zake wanne yakiwa yameandikwa nyuma ya barua ya baba yao.