Siku moja kwenye ngazi za San Francisco: kutoka Telegraph Hill hadi Grandview

Saa 12 asubuhi. Kazi ya kuongoza wageni kwenye ngazi za mitaani huanza kwa kuangalia ukungu. Kiangazi, ukungu wa bahari hulala usiku kucha upande wa magharibi wa jiji, na ngazi za mbao zikilowa zinateleza vibaya. Ndiyo maana asubuhi nawapeleka watu Telegraph Hill, mashariki, ambako jua hupiga mapema. Kitongoji cha Sunset, upande wa bahari, nawapeleka alasiri.

Mkobani naweka maji lita moja kwa kila mtu, plasta na tochi. Wageni hawazidi 8. Ngazi nyingi zinapisha watu wawili tu, na mwenyeji anayepanda na mifuko ya sokoni ndiye mwenye haki ya njia.

Saa 2 asubuhi. Tunakutana kona ya Sansome na Filbert. Nasisitiza kona, kwa sababu Filbert ni mtaa uliokatika vipande. Mwaka 1847 Jasper O'Farrell alipima mitaa ya jiji hili kwa mistari iliyonyooka, na mistari hiyo ikapita juu ya vilima bila kuvizunguka. Pale mkokoteni uliposhindwa kupanda, mtaa ukawa ngazi. Kwenye ramani bado ni mtaa, nyumba zina namba zake, na barua zinafikishwa kwa miguu. Ukimwambia dereva "Filbert Street" bila kutaja kona, anaweza kukushusha ng'ambo ya kilima. Na simu yako iwekwe njia ya miguu, la sivyo itakuzungusha kwenye barabara za magari.

Saa 2:15. Mbele yetu ni ukuta wa mwamba. Haukukatika wenyewe: mawe yake yalichimbwa kwa baruti, mengine yakapakiwa melini kuwa uzito wa kutuliza chombo. Sehemu ya chini ya ngazi ni ya zege na inachosha kuliko zote, kwa hiyo tunapanda taratibu. Weka unyayo mzima kwenye kipandio, usipande kwa vidole, maana misuli ya nyuma ya miguu itakaza kabla hujafika nusu. Pumzika kwenye vituo vipana, kamwe usisimame katikati ya ngazi, kwa sababu anayekufuata atalazimika kuachia reli ya kushikilia ili akupite.

Saa 2:40. Zege linaisha, mbao zinaanza. Kulia ni Napier Lane, kijia cha mbao kisichopitisha gari. Hapa nawaomba watu wainame waangalie. Misumari imeinuka kidogo kuliko ubao, nyufa kati ya mbao zinameza kisigino chembamba, na katikati pamelika kwa nyayo wakati kingo bado zina makali. Kanyaga karibu na kingo, juu ya boriti. Na tunanong'ona, kwa sababu madirisha ya vyumba vya kulala yako hatua mbili kutoka tulipo.

Bustani inayozunguka ngazi ilikuwa jalala. Grace Marchant, mkazi wa hapa, alianza kuisafisha karibu mwaka 1950 na akaitunza hadi uzeeni. Leo majirani wanaiendeleza. Kasuku wa kijani wenye vichwa vyekundu wakipita, utawasikia kabla hujawaona. Asili yao ni Ekwado na Peru, wakaletwa kama ndege wa kufugwa, wakatoroka au kuachiwa. Tafadhali msiwape chakula.

Saa 4. Coit Tower, mnara wa mwaka 1933, urefu wa mita 64. Lifti inalipiwa, lakini michoro ya ukutani ya mwaka 1934 kwenye ghorofa ya chini inatazamwa bure, nami naona ndiyo ya kupewa muda.

Saa 4:30. Hatushuki kwa ngazi. Kupanda kunachosha mapafu, na mapafu yanapona kwa dakika tano. Kushuka kunaumiza goti, kwa sababu kila hatua mguu mmoja unabeba mwili wote huku ukijizuia, na goti lililovimba saa nne halitapanda tena saa kumi. Tunapanda basi namba 39 hadi Washington Square. Halipiti mara kwa mara, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kuingia mnarani.

Saa 6 hadi saa 8 mchana. Chakula, choo, kisha safari ya kuvuka jiji. Treni ya N Judah inatufikisha mtaa wa Judah huko Sunset, karibu na 16th Avenue.

Saa 9 alasiri. Huku mitaa imepangwa kwa alfabeti: Judah, Kirkham, Lawton, Moraga. Ni vigumu kupotea. Kati ya Kirkham na Lawton kuna Hidden Garden Steps, vipandio 148 vilivyopambwa kwa picha za vigae mwaka 2013. Mbele kidogo, Moraga, kuna ngazi maarufu zaidi yenye vipandio 163, kazi ya Aileen Barr na Colette Crutcher na majirani wengi, iliyokamilika mwaka 2005. Picha inaanza baharini chini na kumalizikia kwenye jua juu. Ukiwa chini unaiona nzima. Ukiwa juu unaona zege tupu, kwa sababu vigae vimebandikwa kwenye uso wa mbele wa kipandio tu. Anayeanzia juu anakosa kila kitu.

Watu huogopa vigae, lakini hatari yenyewe ni mchanga. Kilima hiki ni mchanga wa pwani uliorundikwa na upepo juu ya mwamba, na chembe zake juu ya zege zinaviringika chini ya soli. Zifagie kwa mguu kabla ya kuweka uzito.

Saa 10:30. Ngazi ya mbao ya Grandview Park. Bahari upande mmoja, jiji upande mwingine, na upepo mkali: vaa koti kabla ya kufika kileleni, si baada ya kuanza kutetemeka. Tusitoke nje ya njia, kwa kuwa mimea ya vilima hivi inalisha kipepeo mdogo wa kijani ambaye jijini humu anapatikana kwenye maeneo machache tu.

Saa 1 usiku. Wageni wameondoka. Nabaki na picha za hitilafu za leo, nami nazituma kwa jiji kupitia 311, huduma yake ya kupokea taarifa za hitilafu. "Reli imelegea Filbert" haimsaidii fundi. Anahitaji mtaa, kona mbili ambazo ngazi iko kati yake, upande wa reli, na namba ya kipandio ukihesabu kutoka chini.