Nilivyochukua cheti cha ukocha wa softiboli huku nikinung'unika

Sikuomba kuwa kocha wa softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli. Kocha aliyekuwepo alihama, wasichana kumi na watatu wa chini ya miaka kumi wakabaki na glavu mkononi, na katika wazazi wote mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuucheza mchezo huu. Kucheza kwenyewe ni kusimama besi ya tatu, moja ya vituo vya kukimbilia, miaka minne nikiwa shule. Msimu wa kwanza niliumaliza bila cheti chochote na sikuona pengo. Tulishinda mechi kadhaa, watoto walifurahi, wazazi walinipa mkono.

Msimu wa pili ligi ikatangaza kwamba asiye na cheti hakai benchi. Nilikasirika kwelikweli. Saa nane za masomo kwenye kompyuta, siku nzima ya vitendo uwanjani, kukaguliwa kama nina rekodi ya jinai, na ada juu yake, yote hayo kwa kazi ya kujitolea! Nililalamika nyumbani mpaka mke wangu akachoka. "Baba Nuru," akasema, "kama unajua kila kitu, si utamaliza mtihani kabla chai haijapoa?"

Haikuwa hivyo, ingawa nianze kwa kukiri kwamba sehemu kubwa ya kozi ile ilinichosha. Kulikuwa na video ndefu ya mtu mzima akieleza hatua saba za kupiga mpira, hatua ambazo mtoto wa miaka tisa hawezi kuzikumbuka akiwa amesimama mbele ya mrushaji. Nilifundishwa pia kwamba softiboli ilianza Chicago mwaka 1887, tena ndani ya ukumbi, kwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira. Nilifurahi kulijua hilo. Halikumsaidia hata mmoja wa wasichana wangu kudaka mpira wa juu.

Aibu ya kwanza ilinipata kwenye ukurasa wa vipimo, ambao nusura niuruke. Kwa watoto wa chini ya miaka kumi, mpira huwa na mzingo wa inchi 11 na mrushaji husimama futi 35 kutoka kwa mpigaji. Inchi 12 na futi 40 ni za chini ya miaka kumi na miwili, na wakifika kumi na minne wanasogea futi 43. Nikaenda stoo nikafungua mfuko wetu wa mazoezi. Mipira yote ilikuwa ya inchi 12, ile niliyoirithi. Na umbali nilikuwa naupima kwa hatua, nikikumbuka enzi zangu.

Siku za mechi waamuzi walikuwa wanaleta mpira wao na mistari imekwishapimwa. Msimu mzima nilikuwa nashangaa kwa nini mrushaji wangu anahangaika mazoezini halafu mechini anatulia, na nikajiambia ni shangwe za wazazi. Kumbe vidole vyake havikuuzunguka ule mpira mkubwa. Alikuwa anausukuma kwa kiganja, na mimi pembeni napiga kelele, "Ongeza nguvu!"

Hilo la nguvu ndilo lililonipeleka kwenye somo la bega. Kama wengi waliocheza zamani, niliamini kwamba kurusha kwa chini, mkono ukizunguka kama feni, hakumuumizi mtu, na kwamba maumivu ya bega ni shida ya watu wa besiboli. Besiboli ya watoto ya Little League ilianza kuhesabu mirusho ya kila mrushaji mwaka 2007. Kwetu kwenye softiboli mrushaji mmoja mzuri anaweza kurusha mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, na watu wakamsifu. Somo lilieleza kwamba katika mzunguko ule msuli wa mbele ya mkono, kati ya bega na kiwiko, unafanya kazi nzito kuliko hata katika mrusho wa juu, na kwamba mtoto anayekua ana sehemu laini za mifupa ambazo bado hazijakomaa. Nikamkumbuka binti yule aliyekuwa akijisugua bega kwa mbele, pale chini ya mfupa wa mtulinga, nami nikimwambia ni uchovu tu. Tangu siku hiyo nina kidaftari. Nahesabu mirusho, na nimewafundisha wasichana wanne kurusha badala ya mmoja. Tumepoteza mechi kwa sababu ya kidaftari hicho, sitaficha.

Kanuni ya kutobaki peke yako na mtoto niliichukulia kama tusi mwanzoni. Mimi ni baba wa watu. Lakini inasema jambo dogo tu: ukizungumza na mtoto, uwe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuona na kuingilia. Marekani waliweka mambo haya kwenye sheria iliyotiwa saini Februari 2018, baada ya kashfa ya daktari wa timu ya jimnastiki aliyewadhalilisha wasichana kingono. Kwangu ilimaanisha kuacha kuwapa watoto lifti nikiwa nao peke yangu na kuacha kuwatumia ujumbe bila mzazi kuuona. Ilichukua wiki moja kuzoea, na sasa hata siwazi.

Siku ya vitendo ndiyo ningeilipia mara mbili. Mkufunzi alikuwa mama mtu mzima, mpole, ana saa ya mkononi ambayo haachi kuitazama. Alinipa wasichana kumi na wawili niwafundishe kupiga. Nikawapanga mstari kama kawaida yangu: mmoja anapiga, wengine wanasubiri zamu. Aliniacha nusu saa nzima. Kisha akaniita pembeni.

"Kocha, yule mwenye fulana ya bluu amezungusha gongo mara ngapi?"

Sikujua.

"Mara sita. Kwa nusu saa. Na wale kumi na mmoja wengine walikuwa wanafanya nini?"

Walikuwa wanachimba vumbi kwa viatu. Niliwaona na sikuwaona. Akanionyesha jinsi ya kuwagawa vikundi vitatu: wengine wanapiga mpira uliowekwa juu ya kisimamio, wengine wanapiga mipira ya plastiki yenye matundu ambayo haimuumizi mtu, wengine wanadaka mpira wa kuviringika. Kila dakika kumi wanabadilishana. Nilipojaribu, fulana ya bluu alipiga mara sita kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu. Kama unachagua kati ya kozi yenye siku ya uwanjani na ile ya kompyuta tupu, mimi ningechagua hiyo ya uwanjani hata kama ni ya mbali na ya usumbufu.

Kozi haikunifundisha namna ya kumwambia mzazi kwamba bintiye ataanzia benchi. Haikunifundisha la kufanya na mtoto anayelia kila akikosa mpira. Hayo niliyapata kwa kukaa karibu na kocha mmoja mzee wa timu pinzani, ambaye cheti chake alikichukua shingo upande kama mimi. Na ninamjua mwenye vyeti vya ngazi zote anayewafokea watoto mpaka wanaogopa kugusa mpira. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama cheti kinaonyesha kocha mzuri, namjibu hapana, kinaonyesha tu mtu ambaye ameshaambiwa mambo fulani na hawezi tena kusema hakuambiwa.

Katika msimu huohuo msichana wetu mmoja alikimbilia besi ya pili, akateleza, kichwa kikagonga goti la mlinzi. Kofia yake ngumu ikachomoka. Alisimama haraka, akajipangusa vumbi. "Niko sawa, Kocha." Akaja benchi kwa miguu yake, akaketi, akaniuliza, "Tunapiga au tunalinda?" Nikamjibu tunapiga. Akanywa maji. Dakika haijaisha, akageuka tena, kwa sauti ileile, "Kocha, tunapiga au tunalinda?"

Baba yake alikuwa ameshafika kwenye uzio. "Mtoto mwenyewe kasema yuko sawa, Kocha. Zimebaki inningi mbili tu." Inningi ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na binti huyo ndiye mpigaji wangu bora. Mwaka mmoja kabla ningemrudisha, najijua. Lakini kwenye kozi tulikuwa tumesomeshwa habari za kijana wa miaka 13 huko jimbo la Washington aliyerudishwa uwanjani akiwa ameumia kichwa mwaka 2006 na akapata madhara makubwa ya ubongo. Jimbo hilo likapitisha sheria mwaka 2009 kwa ajili yake: mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo anatoka hapohapo, na harudi bila ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya.

"Leo hachezi tena, baba," nikamwambia. "Na atakayesema arudi lini ni daktari. Mimi sina ruhusa hiyo."

Alinitazama kwa hasira, kisha akauliza, "Kwani hiyo ni kanuni?"

"Ndiyo, kanuni."

Neno hilo moja lilimnyamazisha, na mimi pia likaninyamazisha. Tulifungwa. Kesho yake daktari alithibitisha ni mtikisiko wa ubongo. Msichana akarudi taratibu, kutembea kwanza, kisha mbio nyepesi, kisha kudaka, kila hatua ikisubiri angalau siku moja bila kuumwa kichwa. Ilichukua wiki tatu. Siku ya kwanza ya mechi alikosa mpira mara tatu mfululizo, akaja benchi akiwa amenuna, na kabla hajaketi akaniambia, "Usiniulize maswali, Kocha. Tunapiga, na tuko nyuma kwa pointi mbili."