Duka kubwa la boksi: paa limeniumbua

Jumamosi
Kielelezo changu cha boksi, cha kujaribu jinsi duka kubwa linavyohimili kusukumwa kwa upande, kimesimama: sentimita 120 kwa 60, kipimo cha 1 kwa 100, yaani duka lenyewe ni mita 120 kwa 60. Ni duka la ghorofa moja, kuta pande tatu, na mbele ni vioo vitupu, maana mwenye duka hataki kuficha bidhaa nyuma ya zege. Kuta ni boksi gumu, paa ni karatasi ya manila. Chini kuna ubao juu ya gololi, nautikisa kwa mkono.

Nilikuwa nimeshachagua kuta kama kinga ya upepo na tetemeko. Zipo tayari, tena zinabeba paa. Vyuma vya mshazari (vinavyokatiza kona hadi kona) na fremu za viungo vigumu (nguzo na boriti zilizofungwa zisikunjike kwenye kona) nikaviweka kando.

Nikatikisa kwa upande wa mapana. Kuta mbili za mwisho zilitulia tuli, ila katikati paa lilicheza kama shuka kwenye kamba. Kumbe paa la mabati la duka pana ni boriti iliyolazwa, na kuta za mwisho ndizo egemeo zake.

Jumapili
Hesabu. Nimejipa msukumo wa kilonyutoni 10 (kipimo cha nguvu) kwa kila mita ya urefu wa paa (namba ya mazoezi tu). Nguvu ya kulipinda paa katikati, kwa mita 120: 10 × 120² ÷ 8 = 18,000. Gawa kwa upana wa mita 60, unapata kilonyutoni 300 kwenye chuma kinachopita ukingoni mwa paa. Upande mmoja kinavutwa, wa pili kinabanwa.

Nikiweka mstari wa vyuma vya mshazari katikati, 300 inashuka hadi 75. Robo! Nilifurahi kwa dakika kama tano, kisha nikakumbuka toroli. Nani atapita kwenye mshazari? Fremu ngumu ingeacha njia wazi, lakini inayumba zaidi na viungo vyake ni ghali.

Nimeamua mshazari ukae mita 20 za nyuma tu kati ya zile 60 za upana, kwenye stoo. Mita 40 zilizobaki zinahitaji boriti ya kukusanya nguvu za paa na kuzifikisha huko, na inapogusa mshazari imeshabeba kilonyutoni 400. Kiungo hicho kimoja kimenila jioni nzima, muda mrefu kuliko mfumo wenyewe.

Jumatano
Ukuta wa nyuma umebanduka. Haukuvunjika, gundi ndiyo iliyoachia paa, ukalala chali mzima mzima. Ndilo lililozipata kuta za zege za kusimamishwa (humwagwa zikiwa zimelala, kisha huinuliwa) kwenye tetemeko la San Fernando, California, mwaka 1971: paa na ukuta viliachana. Kanuni za ujenzi zikakazwa, na bado tetemeko la Northridge, California hiyo hiyo, mwaka 1994 likafungua viungo vingine. Nimeweka vijiti vinavyotoka ukutani na kuingia ndani kabisa ya paa, si gundi ya ukingoni peke yake.

Jumamosi tena
Leo nimetikisa kwa urefu. Nyuma kimya, mbele kunayumba ovyo, na kipande cha plastiki nilichokiita kioo kikachomoka. Nilitegemea ukuta wa nyuma uishike na mbele. Paa laini namna hii haliwezi kuufikisha msaada huo. Mbele panataka mfumo wake, na hapa fremu ngumu inastahili gharama yake, kwani mshazari nyuma ya kioo ungeonekana kutoka barabarani.

Nguzo nne zimeshakatwa, gundi inakauka. Nimeacha nafasi ya milimita mbili kuzunguka kila kioo.