Gari ya Zamani Inamisi na Kuzima: Usinunue Spea Bado

Gari ya zamani ikianza kutetemeka na kuzima, wengi hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na injini bado inamisi. Kabla ya kutoa hela, jiulize inazima lini. Inazima ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini ukikanyaga mafuta inatulia? Shuku hewa inayoingia kwa njia ya panya. Inakata kwenye mlima? Shuku mafuta. Inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka kama haikuwa na neno? Shuku koili, au sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) kama ni ya injeksheni, yaani petroli inanyunyizwa na nozeli badala ya kabureta.

Halafu tafuta silinda mgonjwa. Kwenye injeksheni, chomoa soketi za nozeli moja moja injini ikiwa sailensa. Silinda yenye afya ukiikatia mafuta, mlio unashuka. Ukiikatia injini isijali, umeipata. Kwenye kabureta, zima kwanza, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi ya akiba, gusisha chuma chake kwenye bodi ya injini, ndipo uwashe. Usiuache waya ukining'inia: umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuitoboa koili kwa ndani. Kama silinda zote zinajibu sawasawa, ugonjwa ni wa pamoja: hewa, mafuta au taimingi, yaani wakati plagi zinapotoa moto.

Fungua plagi ya silinda mgonjwa, utazame ncha yake. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu ni petroli nyingi, weusi wenye utelezi ni oili inayopanda, nyeupe ni hewa kuzidi. Usiishie kwenye ncha tu. Geuza uitazame kauri ya nje: ukiona mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma, moto unapita nje badala ya ndani. Hapo badilisha plagi pamoja na waya wake, kwa kuwa mstari huohuo mara nyingi umo ndani ya mpira wake, na plagi mpya itachorwa vilevile. Pengo la plagi nyingi ni milimita 0.7 hadi 1.1, fuata kitabu cha gari, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo), si kwa jicho.

Hewa ya wizi ndiyo inayosumbua sana magari haya, maana mpira hukauka na kupasuka upande wa chini usioonekana. Sailensa injini huvuta hewa kidogo mno, kwa hiyo hata ufa mdogo unaharibu mchanganyiko. Ukikanyaga, ufa uleule unamezwa na wingi wa hewa. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na maungio ya mipira, ukikwepa nyaya za plagi. Mlio ukibadilika, ni hapo. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, ila juu ya ekzosi ya moto unaomba kuungua. Minya pia mpira uendao kwenye busta ya breki, kopo linalofanya breki ziwe nyepesi kukanyaga: injini ikitulia, busta inavuja.

Ukiwa na geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi), injini ikiwa sailensa karibu na usawa wa bahari tegemea isome inchi 17 hadi 21 za zebaki, pungufu ya inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mshale uliotulia chini ni uvujaji au taimingi iliyochelewa. Unaoruka kwa mpigo unaojirudia, tazama valvu.

Upande wa mafuta, anza na filta, kisha mfuniko wa tanki. Gari ikizima, fungua mfuniko: ukisikia kitu kinavuta pumzi, tundu lake la hewa limeziba.

Yote yakiwa safi, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda), injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mwisho. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 itie kijiko cha oili, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu, na zikiwa mbili zinazopakana, gasketi ya silinda hedi.