Alitazama tu, hakushiriki

Kuna kitu kinaniuma kila nikikiona. Kijana mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli analetwa kwenye shughuli, anaegeshwa pembeni na kiti chake cha magurudumu, kila anayepita anampapasa kichwa, halafu jioni watu wanasema tulimshirikisha. Jamani, yule alitazama tu.

Ugonjwa huu una aina nyingi, inayosikika zaidi ni Duchenne, inawapata zaidi wavulana maana hitilafu iko kwenye kromosomu ya X (sehemu ya vinasaba, wavulana wanayo moja tu, wasichana mbili) na mwili unashindwa kutengeneza distrofini, ile protini inayolinda misuli. Wengi wanaacha kutembea kwenye miaka 10 hadi 12 hivi, yaani wakati uleule wenzao wanaanza kutoka wenyewe bila wazazi, ndo hapo marafiki wanapungua mmoja mmoja na hakuna hata aliyegombana nao.

Watu wanadhani shida ni ngazi. Ngazi ni shida ndio, ila muulize kijana mkiwa wawili tu atakwambia choo. Anaalikwa mahali anasema nimechoka, kumbe anajua mlango wa choo ni mwembamba kiti hakipiti na hamna wa kumhamisha, na wengine wanajinyima maji tangu asubuhi ili wasihitaji kwenda!! Basi kabla hujamwalika kapime mlango, na ujue nani atamsaidia, na tafadhali asiwe mama yake kila siku, kijana wa miaka 17 gani anataka mama akae katikati yake na washkaji? Tafuteni wawili watatu wa rika lake, yeye mwenyewe awaelekeze anavyohamishwa. Msimnyanyue kwa kumshika makwapani, mabega yake ni dhaifu, atawachomoka mikononi aumie.

Na zile kelele za "jikaze bwana" ziacheni kabisa, misuli hii ikilazimishwa inaumia zaidi. Wekeni mapumziko.

Kazi za kumpa zipo tele. Vidole mara nyingi vinabaki na nguvu muda mrefu baada ya miguu na mabega kugoma, kwa hiyo anaweza kupiga muziki kwa kompyuta, kushika akaunti za kikundi, kuwa kocha. Kucheza pia anacheza! Kuna mpira wa miguu wa viti vya magurudumu vya umeme, wanne kila upande, Kombe lao la Dunia la kwanza lilichezwa Tokyo 2007. Kuna na boccia, mchezo wa kurusha mipira ikaribie mpira mweupe, ipo Paralimpiki (michezo ya dunia ya wenye ulemavu) tangu 1984, asiyeweza kurusha anatumia mfereji wa kuteremshia mpira na msaidizi wa kuusogeza, ila huyo msaidizi lazima aupe uwanja mgongo, haruhusiwi kuangalia mchezo, anasogeza vile anavyoambiwa na mchezaji. Hiyo sheria naipenda mno, natamani kila anayejitolea kusaidia vijana hawa aanze kwa kufundishwa hiyo.

Kwa hiyo mkipanga shughuli mpigieni simu yeye, sio mzazi, mumuulize anataka kufanya nini. Akisema hataki kuja sawa, ila mwezi ujao mpigieni tena.