Machi ya Connecticut: tuombe tusipangwe namba 8 kwenye mtoano

Ijumaa usiku, Machi 14, 2025, sisi UConn, timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, tulifungwa na Creighton 71-62, nusu fainali ya mtoano wa ligi yetu ya vyuo, Big East, pale Madison Square Garden, New York. Mwanzo wa mechi sikuuona kwa sababu nilikuwa msikitini kwenye tarawehe, na simu nilishajiapiza sitaigusa mpaka nitoke. Nilipotoka nikavaa viatu harakaharaka, nikakaa ndani ya gari bila hata kuwasha hita, nikaanza kuangalia. Nyuzijoto zilikuwa chache na miguu ilikufa ganzi, lakini sikuhisi kitu mpaka filimbi ya mwisho.

Mama akapiga nikiwa bado palepale. Kwao Dar ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ameshaswali, anasubiri kupambazuke vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sauti imekwenda chini hivyo, kuna msiba?"

"Hapana mama. Tumefungwa."

"Kwenye kikapu? Na yule kijana wetu mrefu, hakucheza?"

Kijana wetu mrefu ni Hasheem Thabeet. Aliondoka UConn mwaka 2009, miaka 16 sasa, na mama anajua hilo. Lakini kwake yeye, timu hii ni ya Hasheem. Nikimweleza habari za wachezaji wa mwaka huu, Alex Karaban au Liam McNeeley, ananisikiliza kwa adabu, kisha anauliza tena. Na mimi sijawahi kumkatalia, kwa sababu kwangu pia ilianzia hapo.

Nilifika Hartford Agosti 2008, kijana wa Tandika, nikaingia ghalani kubeba maboksi, yale maboksi yenyewe hasa. Siku ya kwanza mwenzangu mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamjibu. Akaweka chini alichoshika, akaniangalia: "Tanzania? Ya Hasheem?" Jioni ile ghala zima lilijua nchi yangu ilipo. Nilikuwa sijui faulo ya kikapu inahesabiwaje, nimekulia kwenye Simba na Yanga, lakini kuanzia wiki ile nikawa naulizwa maoni. Ikabidi nijifunze.

Msimu ule nilijifunza vizuri. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, Hasheem alipata pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na akazuia mitupo 10. Kumi! Mtu wa mita 2.21, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, anasimama chini ya ringi na vijana waliolelewa na mpira mkononi wanageuza njia. Machi 12 ikaja ile mechi na Syracuse ya robo fainali ya Big East, muda wa nyongeza mara sita. Sita, si makosa ya uandishi. Iliisha saa saba na dakika 22 usiku, tumefungwa 127-117, Hasheem ameshatolewa kwa faulo, na mimi zamu yangu ilianza saa kumi na moja alfajiri. Sikulala. Nilikwenda kazini nikakuta wenzangu wote macho mekundu, na hakuna aliyehitaji kueleza.

Kisha tukaingia kwenye mtoano wa taifa tukiwa tumepangwa namba 1, yaani miongoni mwa bora kabisa, tukafika nusu fainali Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, tukafungwa na Michigan State 82-73. Hasheem alipata pointi 17 siku ile. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye NBA, nyuma ya Blake Griffin, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Watu wengi nyumbani wanamkumbuka kwa yaliyofuata NBA, na wanamsema. Waliomwona Storrs, kilipo chuo chetu, hawamsemi hivyo. Hapa aliuzuia mpira miaka mitatu, akateuliwa mchezaji bora wa Big East mwaka 2009 pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Jina lake linatajwa kwa heshima mpaka leo, na mimi nitalitetea popote.

Msomaji wa Dar au Mombasa ataniuliza: mashindano ya wanafunzi yanakukosesha usingizi? Ndugu yangu, elewa jimbo lenyewe. Connecticut haina timu ya NBA. Timu ya magongo ya barafu iliyokuwa Hartford, Whalers, ilihamia North Carolina mwaka 1997 na wazee bado wanaililia. Kilichobaki ni chuo hiki kilichoanza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, huko Storrs, kwenye vilima vyenye mazizi ya ng'ombe. Mpaka leo wanauza aisikrimu ya maziwa yao wenyewe, na foleni yake watoto wangu wanaijua kuliko njia ya shule. Kutoka kwenye mazizi hayo yametoka mataji sita ya wanaume: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023, 2024. Akina dada wana 11, na mwaka huu wakiwa na Paige Bueckers nadhani wanaweza kuongeza. Kwa hiyo Machi ikifika, muuza petroli, daktari, imamu wetu, wote wanazungumza lugha moja.

Sasa mwaka huu. Tulikuwa tunatafuta taji la tatu mfululizo, jambo ambalo halijafanywa tangu UCLA ya kocha John Wooden, waliobeba saba mfululizo kuanzia 1967 hadi 1973. Novemba, kule Maui, tukafungwa mechi tatu kwa siku tatu: Memphis kwa pointi mbili baada ya muda wa nyongeza, Colorado kwa pointi moja, Dayton kwa 18. Baadaye tukawafunga Baylor, Texas na Gonzaga, moyo ukarudi. Februari 11 tulikwenda Omaha kwa hawahawa Creighton tukashinda 70-66, McNeeley, mtoto wa mwaka wa kwanza, akifunga pointi 38. Nikasema timu imezaliwa. Siku nne baadaye tukafungwa 69-68 na Seton Hall, timu iliyokuwa ikiburuta mkia. Tarehe 23 St. John's wakatuchapa 89-75 mjini New York.

Halafu tukashinda nne mfululizo: Georgetown 93-79, Providence 75-63, Marquette ugenini 72-66, na tukawalipa Seton Hall 81-50. Tukamaliza ligi nafasi ya tatu. Alhamisi tukawatoa Villanova 73-56. Kisha ndiyo Ijumaa hiyo.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee siku hizi, na kuna mzee mmoja kwenye zamu yangu aliyetengeneza injini za ndege pale East Hartford miaka zaidi ya 30. Tunaangalia pamoja mechi zinazoangukia zamu yangu. Yeye msimamo wake ni mmoja: timu inayoyumba Februari itaanguka Machi, angalia mechi kumi za mwisho utajua yote. Anaheshimika kwa kikapu mzee huyu, lakini hapa namkatalia, na namkatalia kwa timu yake mwenyewe.

Mwaka 2011 tulifungwa mechi nne kati ya tano za mwisho za ligi. Tulimaliza wa tisa. Kisha Kemba Walker akashinda mechi tano kwa siku tano New York, na sita nyingine za mtoano, na Aprili tukawafunga Butler 53-41 mjini Houston. Mwaka 2014 mechi ya mwisho ya ligi tulikwenda Louisville tukafungwa 81-48. Pointi 33! Nilizima televisheni nikaenda kuosha vyombo. Tukapangwa namba 7, mechi ya kwanza tu tukaponea chupuchupu kwa Saint Joseph's katika muda wa nyongeza, na siku 30 baada ya aibu ile ya Louisville, Shabazz Napier na wenzake walikuwa wamewafunga Kentucky 60-54 na kubeba kombe. Mpira unadunda. Aliyesoma mechi kumi za mwisho mwaka ule aliambulia nini?

Ninachokiangalia mimi ni kimoja: dakika tatu za mwisho, mechi iko sawa, mpira anashika nani, na wenzake wanamwangalia kwa macho gani. Mwaka 2011 tulijua. Mwaka 2014 tulijua. Mwaka 2024 tulikuwa na wanne ambao yeyote angeushika ungelala kwa amani. Mwaka huu sina jibu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kipigo cha Ijumaa. McNeeley ana roho kubwa lakini bado mdogo. Solo Ball anatupa mitupo ya pointi tatu vizuri sana, ila ikigoma hana mlango mwingine. Hassan Diarra ndiye nahodha wa mchezo, na goti linamsumbua; unamwona anavyoshuka kuzuia, mguu mmoja unaufuata mwingine. Karaban amebeba mataji mawili, namwamini, lakini yeye ni wa kupokea mpira zaidi kuliko wa kuuanzisha. Na faulo! Samson Johnson, Mtogo wetu, na Tarris Reed wanashika watu mikono wakati kusimama tu kama ukuta kungetosha. Mwaka jana ulikuwa unalazimika kututungia mashairi ili upate kikapu. Mwaka huu mlango uko wazi, ndiyo maana Kocha Dan Hurley anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

Nasema hivi kwa uchungu wa mtu wa nyumbani. Sidhani kama timu hii inaweza kushinda mechi sita. Nadhani inaweza kushinda mbili, na ikipata kanda nzuri, tatu. Na hapo ndipo inapoingia ile namba.

Leo Jumapili, saa kumi na mbili jioni, kamati inatangaza timu 68. Timu 31 zinaingia kwa kubeba mataji ya ligi zao, jana St. John's ya kocha Rick Pitino ilibeba la kwetu kwa kuwafunga Creighton 82-66, na walistahili. Zilizobaki 37 zinachaguliwa na kamati. Kila kanda kati ya nne inapangwa namba 1 mpaka 16, mkubwa anaanza na mdogo: 1 na 16, 2 na 15, hivyohivyo hadi 8 na 9. Tukiwa na ushindi 23 na vipigo 10 tutaingia, hilo halina wasiwasi. Wakisiaji wengi wanatuweka kati ya 7 na 9.

Sasa tazama. Ukiwa 7 ukashinda, anayekungoja kwa kawaida ni namba 2. Ukiwa 8 au 9 ukashinda, baada ya siku moja tu ya kupumzika unakutana na namba 1. Mwaka huu hao wanatajwa kuwa Auburn, Duke, Houston au Florida, na kwa macho yangu hawa wanne wamewaacha wengine mbali. Hata 10 au 11 ni afadhali, kwa sababu yule namba 1 utamkwepa mpaka mbele kabisa. Katika historia yote, namba 8 aliyebeba kombe ni mmoja tu, Villanova, mwaka 1985. Mzee wangu wa injini za ndege aliiona mechi ile na bado anaisimulia kama mtu aliyeona kupatwa kwa jua.

Kazini wenzangu wanajaza karatasi za mtoano kwa kuchanga hela. Mimi najaza bila kuweka hela, wanajua sababu na wananiheshimu kwa hilo. Florida nitawaandika wafike mbali. Sisi nitatuandika raundi ya tatu, wino wangu hauwezi kuandika pungufu.

Na kuna jambo jingine linalonipa moyo mwezi huu. Mwaka 2023 mchezaji wetu Adama Sanogo, kijana wa Bamako, alicheza nusu fainali na fainali akiwa amefunga Ramadhani. Mchana kutwa bila tone la maji, anafuturu muda mfupi kabla ya mechi, kisha anaingia: pointi 21 na ribaundi 10 dhidi ya Miami, 17 na 10 dhidi ya San Diego State. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali zile. Msikitini kwetu watoto waliokuwa wanalalamika njaa saa tisa alasiri waliacha kulalamika. Mwanangu wa kwanza alifunga mwezi mzima mwaka ule kwa mara ya kwanza, na alikuwa na miaka tisa tu. Sikumlazimisha. Alisema, "Kama Sanogo anaweza na ribaundi, mimi nitashindwaje na hesabu?"

Tangu ushindi wa kwanza wa mwaka ule hatujafungwa kwenye mtoano. Mechi 12, zote kwa tofauti ya pointi 13 au zaidi. Najua mfululizo huo utakatika siku moja. Naomba tu usikatike Jumapili ijayo.

Tangu saa zisogezwe mbele wiki iliyopita, futari hapa ni saa moja kasoro dakika chache, kwa hiyo tutaangalia majina yakitangazwa tukiwa bado na njaa, saa nzima kabla ya adhana. Familia mbili za Wakongo wanaoishi jirani watakuja, na kijana mmoja wa Lamu anayesoma Storrs ambaye ametuahidi kaimati. Mke wangu ameloweka mbaazi tangu jana, na nazi nimeipata duka la Wajamaika. Mama naye amesema nimpigie hata kama kwao ni saa saba usiku. Anataka kujua namba. Nimemweleza ile 8 inavyofanya kazi, akanyamaza kidogo, akasema ataongeza rakaa mbili, na akaniuliza kama Hasheem anajua.